Mlango wa Kutokea

Msomaji, watu hufundishwa sana namna ya kuingia, lakini hufundishwa kidogo namna ya kutoka. Tangu utoto twafundishwa kubisha hodi, kungoja mpaka tukaribishwe, kuvua viatu na kuamkia wakubwa. Mtoto aingiaye nyumbani mwa watu bila ya hodi hukemewa siku iyo hiyo. Lakini kutoka huachiwa kila mtu ajijulie mwenyewe. Mimi nilifika umri wa miaka 24 kabla sijajua kwamba kutoka nako kuna adabu yake na kanuni zake, na kwamba mtu aweza kuyaharibu kwa kutoka kwake mema yote aliyoyatenda tangu alipoingia. Nataka kukueleza jinsi nilivyojifunza jambo hilo, maana wewe uliye shuleni leo utakuwa mpangaji kesho, na huenda ukapanga nyumba moja pamoja na wenzako kama nilivyopanga mimi.

Mwezi wa Januari 2014 tulikuwa vijana watatu mjini Mombasa, nasi tulikodi nyumba ya vyumba vitatu katika mtaa wa Tudor. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Mwenzangu mmoja alikuwa akifundisha shule ya msingi, nasi tulimwita Mwalimu. Wa tatu alikuwa fundi wa umeme asiyekuwa na mshahara wa mwezi, aliyepata leo na kukosa kesho. Huyo tulimwita Fundi. Kodi ilikuwa Sh. 18,000 kwa mwezi, na kila mmoja wetu alitoa Sh. 6,000. Tuliweka na amana ya Sh. 18,000, tukaichanga vivyo hivyo. Mkataba ulikuwa wa miezi 12, tangu tarehe 1 Januari hata tarehe 31 Desemba. Mwenye nyumba, bibi mmoja mjane, alituwekea karatasi mezani, nasi tukatia sahihi zetu mmoja baada ya mwingine. Nakiri kwamba sikuisoma. Kalamu yangu ilikwenda upesi kuliko macho yangu.

Tulikaa kwa raha miezi mitatu. Tulipika kwa zamu, tukapokezana kununua umeme, na siku ambazo maji hayakutoka tulichota pamoja kwa mitungi. Kisha, mwanzoni mwa Aprili, nikapigiwa simu kutoka nyumbani Voi. Baba alikuwa amepooza upande mmoja. Duka lake dogo lilikuwa limefungwa, na mama hakuweza kumhudumia mgonjwa na kuuza duka kwa wakati mmoja. Mimi ni mtoto wa kwanza. Hapakuwa na haja ya kuniambia ninalotakiwa kulitenda.

Shida yangu haikuwa kwenda. Shida yangu ilikuwa ile nyumba. Nilimweleza kijana mmoja tuliyefanya kazi pamoja, naye akacheka, akasema, "Utalipia nyumba usiyoilala? Toa vitu vyako usiku, badilisha namba ya simu, basi. Amana yako wataila wao." Maneno yale yalinipendeza kwa sababu yalikuwa mepesi. Nikajiambia kwamba Sh. 6,000 nilizoweka zitakuwa malipo yangu, na kwamba ugonjwa wa baba ni udhuru ambao hapana mtu awezaye kuukataa. Hivyo ndivyo moyo wa mtu ulivyo, msomaji: ukitaka kutenda jambo baya hutafuta kwanza jambo jema la kulifunika.

Nilikuwa na mizigo mingi kuliko mfuko wangu, basi nikamwendea Mwalimu kumwazima sanduku lake. Akalitoa chini ya kitanda, akalipangusa vumbi kwa kanga kuukuu, akanipa. Akaniuliza, "Safari ya siku ngapi, ndugu yangu?" Nikamjibu, "Siku mbili." Akasema, "Nenda salama. Mpe mzee pole zangu." Kisha akatia mkono mfukoni, akanipa Sh. 500 za kumnunulia mgonjwa matunda.

Usiku ule sikulala. Sanduku lilikuwa wazi mbele yangu na nguo zimo nusu. Kila nilipotia shati moja nilikumbuka kwamba chombo ninachotorokea ni mali ya mtu ninayemtoroka. Kulipopambazuka nilikwenda mlangoni kwake, nikabisha hodi, nikamweleza kila kitu.

Mwalimu hakunikemea. Alikwenda akaleta nakala ya mkataba, akaniambia niisome kwa sauti, kama alivyowaambia wanafunzi wake. Nikasoma hata nikafika mahali palipoandikwa kwamba wapangaji watatu watawajibika kwa kodi yote, kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Akanisimamisha hapo. "Maana yake ni nini?" Nikasema sijui. Akanieleza kwamba mwenye nyumba hakutupangisha vyumba vitatu mbalimbali, bali alitupangisha nyumba moja. Na kodi yetu si Sh. 6,000 mara tatu, bali ni Sh. 18,000, ambazo aweza kumdai yeyote kati yetu. Mmoja akiondoka, fungu lake haliondoki pamoja naye. Hubaki nyumbani likawaangukia waliobaki.

Kisha akachukua kalamu, akafanya hesabu nyuma ya karatasi. Tangu Mei hata Desemba ni miezi 8. Miezi 8 mara Sh. 6,000 ni Sh. 48,000. Deni hilo, likigawanywa kwa wawili, kila mmoja angebeba Sh. 24,000, yaani kodi ya kila mmoja ingepanda kutoka Sh. 6,000 hata Sh. 9,000 kwa mwezi. Akaniuliza, "Fundi atazipata wapi?" Sikuwa na jibu. Nilijua kwamba Fundi akishindwa deni lote lingemwelemea Mwalimu, na wote wawili wakishindwa, sheria humpa mwenye nyumba njia ya kukamatisha vitu vilivyomo ndani kwa ajili ya kodi isiyolipwa. Kitanda cha Mwalimu kingepigwa mnada kwa deni langu, na mimi niko Voi nimelala juu ya godoro langu.

Tazama, msomaji, kosa langu lilikuwa wapi. Nilidhani namkimbia bibi mwenye nyumba, kumbe nilikuwa nawakimbia rafiki zangu. Sahihi iwekwayo pamoja na sahihi za wengine hukufunga na wenye nyumba kwa kamba moja, lakini hukufunga na wenzako kwa kamba mbili.

Jioni ile tulimwita jirani yetu, mzee aliyekuwa karani katika ofisi ya wakili kwa miaka mingi, tukamwomba atufahamishe njia. Alikunywa kahawa yake, kisha akasema kwamba nyumba yenye mlango mmoja wa kuingilia yaweza kuwa na milango kadha ya kutokea, ila kila mmoja una ufunguo wake. Nami nitakutajia kama alivyotutajia, upate kuikumbuka siku ya haja.

Mlango wa kwanza umo ndani ya mkataba wenyewe. Mikataba mingine huwa na sharti lisemalo kwamba mpangaji aweza kutoka kabla ya muda kwisha akitoa notisi ya mwezi mmoja au miwili, au akilipa kiasi fulani. Sharti likiwapo, kutoka ni kulifuata tu. Tukautafuta katika mkataba wetu, hatukuuona.

Mimi nikauliza, "Lakini si watu wote husema notisi ni mwezi mmoja?" Mzee akatikisa kichwa. Akasema kwamba hapo ndipo wengi wanapokosea. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba upangaji wa mwezi hata mwezi, usiowekewa muda wa kwisha, waweza kukomeshwa na upande wowote kwa notisi isiyopungua kipindi hicho cha upangaji, nayo iishe katika siku ya kulipa kodi. Lakini mkataba uliowekewa muda hufunga mpaka mwisho wa muda huo. Sisi tuliahidi miezi 12, na ahadi ni deni.

Mlango wa pili ni mapatano. Yaliyofungwa kwa ridhaa ya watu yaweza kufunguliwa kwa ridhaa yao. Wapangaji wote na mwenye nyumba wakikubaliana, mkataba waweza kukomeshwa kabla ya siku yake, pengine kwa kulipa fidia ya mwezi mmoja au kwa kuiacha amana. Ila kwa nyumba ya watu watatu, ridhaa ya mmoja haitoshi; nami sikuwa na haki ya kuwatoa wenzangu katika nyumba waliyotaka kukaa.

Mlango wa tatu ni kumtafuta mtu mwingine ashike nafasi yako. Hapo sheria hutaka idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi, na mwenye nyumba naye hapaswi kuinyima pasipo sababu ya haki. Lakini mzee aliinua kidole, akatuonya: "Haitoshi mgeni kuingia, lazima yule anayetoka afunguliwe. Karatasi isiposema kwamba huyu ametoka na hadaiwi tena, sahihi yake ya kwanza ingali hai." Wako watu waliotoka kwa heri, wakaishi kwa amani miezi sita, kisha wakadaiwa kodi ya mgeni aliyeshindwa kulipa.

Mlango wa nne unafanana na wa tatu kwa sura, si kwa tabia. Ni kumpangisha mtu mwingine sehemu yako kwa muda, akulipe wewe, nawe umlipe mwenye nyumba. Huo nao hutaka idhini, na huufai kama huwezi kumwamini mgeni, kwa kuwa dhima yote hubaki juu ya kichwa chako.

Mlango wa tano hufunguka pale mwenye nyumba mwenyewe anapovunja wajibu wake, akaiacha nyumba ikawa haifai kukaliwa na binadamu, au akamnyima mpangaji utulivu wake. Hata hapo, akasema, usikimbie wala usizuie kodi kwa hasira. Andika malalamiko yako, weka nakala, upate shauri la wakili. Bibi yetu hakuwa na kosa lolote, basi mlango huo haukuwa wetu.

Wa mwisho ni kutoka na kuendelea kulipa fungu lako mpaka mwisho wa muda. Ni mlango mzito, lakini ni mlango wa haki.

Tuliuchagua wa tatu. Niliandika barua, nikatia tarehe 7 Aprili 2014, nikataja nyumba, sababu ya kutoka, siku niliyotaka kutoka, na ombi la kumleta mtu wa kushika nafasi yangu. Wenzangu wakatia sahihi zao chini kuonyesha kwamba wamekubali. Nilipompelekea bibi nilimkuta barazani akichambua mchele. Nikasema, "Shikamoo, bibi." Akasema, "Marahaba, mwanangu. Keti." Aliisoma barua mara mbili, akaikunja. "Unaiona nyumba hii?" akaniambia. "Hii ndiyo shamba langu. Wengine huvuna mahindi, mimi navuna kodi. Waliowatangulia ninyi walihama usiku. Mlango niliowafungulia mchana waliufunga usiku, nami nikakopa karo ya mjukuu wangu. Wewe umekuja mchana. Lete mtu, nimwone."

Sikuweza kumtazama usoni. Hakujua kwamba siku chache zilizopita nilikuwa natia nguo sandukuni.

Usidhani kwamba njia ya haki ni nyepesi kwa sababu ni ya haki. Mtu wa kwanza niliyemleta aliipenda nyumba mpaka Mwalimu aliponiambia mbele yake, "Mwambie habari ya maji." Nilikuwa nimemficha kwamba maji hutoka siku mbili tu kwa juma. Yule mtu aliposikia akaenda zake, nami nikamkasirikia Mwalimu siku nzima. Baadaye nilifahamu: kumwingiza mtu kwa hila ni sawa na kutoka kwa hila, na watakaoteseka ni wale wale wanaobaki. Wa pili hakukubaliwa na Fundi, naye alikuwa na haki, kwa maana mgeni angekuwa mwenzake wa nyumba, si mwenzangu. Aprili ikaisha hajapatikana mtu. Nilikwenda Voi, na mwezi wa Mei nikapeleka Sh. 6,000 za nyumba ambayo sikulala hata usiku mmoja. Fedha ile iliniuma, hasa nilipozilinganisha na dawa za baba. Mama aliniona nikizihesabu, akaniambia maneno machache: "Baba yako ameuza dukani miaka 20, na hajamwachia mtu deni lake."

Mwishoni mwa Mei Mwalimu akampata kijana mmoja, karani wa duka la dawa, aliyeambiwa habari ya maji akaikubali. Nikarudi Mombasa kwa siku mbili. Niliziba matundu ya misumari niliyopigilia ukutani, nikapaka rangi kwa Sh. 800. Tukasimama wote watano: bibi, sisi watatu, na mgeni. Karatasi mpya iliandikwa kwamba tangu tarehe 1 Juni 2014 mgeni ameshika nafasi yangu na wajibu wangu. Kwamba mimi nimetoka na sidaiwi. Na kwamba fungu langu la amana, Sh. 6,000, sasa ni lake, kwa kuwa amenilipa mkononi. Kila mmoja alitia sahihi na kuchukua nakala. Safari hii niliisoma yote kwa sauti kabla ya kushika kalamu, na Fundi akacheka.

Huenda ukauliza, ingekuwaje kama bibi angekuwa mtu wa kuzuia amana bila ya haki? Siku hizi iko njia nyepesi kuliko zamani. Sheria ya mwaka 2016 iliunda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi Sh. 1,000,000 kwa taratibu zilizorahisishwa. Lakini mahakama haiwezi kuamua kwa kumbukumbu za moyoni. Hutaka mkataba, stakabadhi, barua na tarehe. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari; na mpangaji asiyeweka karatasi zake ni kama aliyetupa ufunguo wake baharini.

Sasa nakuachia shauri langu, msomaji. Kabla ya kutia sahihi pamoja na wenzako, tafuta kwanza mlango wa kutokea. Uliza: mmoja wetu akiugua, akihamishwa kazi, akifiwa, akioa, itakuwaje? Andikeni jibu lake wakati mnapopendana, maana ni vigumu kuliandika wakati mmekasirikiana. Na ikiwa haja ya kutoka imekufika na hukuandika lolote, usitafute usiku. Waambie wenzako kwanza, kisha mwenye nyumba, kisha karatasi.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule baba alianza kutembea kwa mkongojo, nami nikaja Mombasa kununua bidhaa za duka. Nilipita Tudor mchana, nikamwamkia bibi barazani kwake, akanikaribisha chai. Usiku nililala sebuleni katika nyumba niliyoihama, juu ya mkeka, baina ya rafiki zangu. Asubuhi nilimrudishia Mwalimu sanduku lake. Alilifungua akakuta ndani yake machungwa, na juu ya machungwa, noti ya Sh. 500.